Namna ya Kusikia Sauti ya Wananchi Ndani ya Kura Moja

Chagua kijiwe chenye kivuli, michembe na bodaboda wanaosubiri abiria. Shinyanga mjini havikosekani. Usianze na hesabu. Sema tu, "Wananchi wameongea," kisha nyamaza. Lazima mtu aulize wamesema nini, na hapo umeshamnasa.

Mfano wa kujifunzia haupo mbali. Mwaka 2010, jimbo la Shinyanga Mjini, Stephen Masele wa CCM alitangazwa kumshinda Philipo Shelembi wa Chadema kwa kura moja. Moja! Kama wewe ni wa kijani, kura hiyo ni imani kubwa kwa chama, ilani na kila kalavati lililojengwa. Kama ni wa upinzani, ni ushahidi kwamba jimbo zima limechoka isipokuwa mtu mmoja, naye siku hiyo aliamka vibaya. Usikubali kamwe kwamba huenda aliombwa na shemeji yake. Karatasi ya kura ina kisanduku cha kutia vema, haina nafasi ya kueleza sababu, na upungufu huo ndio riziki yetu wabishi.

Usiwasahau wasiopiga. Mwaka huo, nchi nzima, waliojitokeza hawakufika nusu ya walioandikishwa. Hao ni shamba lisilo na mwenyewe: wahi useme waliridhika, kabla mwenzako hajasema walikata tamaa.

Sasa panda daraja. Mwaka huohuo Bukombe, enzi hizo ingali mkoa wa Shinyanga, ilimchagua Profesa Kulikoyela Kahigi wa Chadema. Mwaka 2015, ikiwa mkoa mpya wa Geita, ikarudi CCM kwa Doto Biteko. Wameamka, au wamerubuniwa kwa fulana na kofia? Inategemea nani kashinda. Maneno hayo mawili yanakutosha mpaka uzeeni, mradi usiyachanganye.

Kwenye urais punguza sauti. Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais aliyekwisha kutangazwa na Tume ya Uchaguzi, kwa hiyo kesi yote inabaki kijiweni. Na mwaka 2025, Tume ilipompa Rais Samia asilimia 97.66, Chadema haimo kwenye karatasi na intaneti imekatwa, hata mabingwa wa kubisha walitazamana tu.

Angalizo la mwisho: usiupeleke ujuzi huu kwenye machimbo ya dhahabu Geita. Kule jiwe hutwangwa kwanza, likaoshwa kwenye karai, macho yote yakiwa kwenye mchanga, ndipo mtu athubutu kusema duara, yaani shimo lao, lina mali. Utahutubia robo saa kuhusu matakwa ya wananchi, halafu kijana mwenye vumbi mpaka kwenye kope akuulize kwa adabu zote:

"Sasa mzee, hao wananchi uliwauliza?"

Hapo hamia kwenye bei ya pamba.