Shangazi Afungiwa Simu Yake

Shangazi hakuwahi kuweka namba ya siri kwenye simu. "Nimfungie nani, nyumba yangu mwenyewe?" Basi, mjadala ukaisha.

Ilikuwa Machi 2020. Shule zimefungwa, wajukuu wamejaa sebuleni, na kila anayefungua mdomo anataja korona. Kwenye kundi la ukoo kikaletwa kiungo: programu ya ramani ya wagonjwa, mmoja akikusogelea, simu inakutahadharisha. Nani asingeitaka? Haikuwa kwenye duka la Google Play. Ilipakuliwa moja kwa moja kwenye tovuti. Simu ikaonya kwamba asili ya faili haijulikani. Shangazi akaruhusu. Programu ikaomba mamlaka ya usimamizi wa simu. Akaruhusu. Ikaomba ruhusa ya kujitokeza hata kioo kikiwa kimefungwa. Akaruhusu, tena kwa bismillahi.

Tulisikia yowe kutoka jikoni. Kioo kizima kilikuwa maandishi: lipa dola 100 kwa bitcoin ndani ya saa 48, la sivyo namba, picha na video zinafutwa, na akaunti zako za mitandao zinaanikwa. Tena tunajua ulipo.

"Wanajua niko jikoni?"

Akaitwa fundi simu. "Tuiflashi tu, Mama, inarudi mpya." Inarudi mpya na tupu, maana kuflashi kunafuta vyote. Baba Mdogo akaunga mkono haraka mno: "Fundi kasema kweli, Dada. Simu ni kitu cha kupita." Hapo nikamshuku. Shangazi ndiye mweka hazina wa kikoba. Ndani ya simu ile mna picha za daftari la mikopo, na sauti za Baba Mdogo mwenyewe akiapa kulipa "wiki ijayo".

Aliyetuokoa ni mjukuu wa kidato cha tatu, aliyekuwa kimya akichakura simu ya mama yake. "Bibi, usilipe. Hii inaitwa CovidLock." Watafiti wa kampuni ya DomainTools walikuwa wameshaifumua na kukuta ufunguo umo ndani ya programu yenyewe, mmoja kwa wahanga wote: 4865083501. Namba ikaandikwa. Kioo kikafunguka, picha zote zipo. Kumbe programu haikugusa mafaili, ilifunga kioo tu. Programu nyingine ya aina hiyo, DoubleLocker ya 2017, iliyojifanya Adobe Flash Player, ingetutoa machozi: ile ilibadilisha namba ya siri na kuyafunga mafaili pia.

"Na simu ingekuwa na namba ya siri," mtoto akaendelea bila huruma, "hii isingeiweza. Tangu Android 7 ya 2016, programu haiwezi kubadilisha namba uliyoiweka mwenyewe."

Shangazi akakohoa, akaomba maji.

Programu ilikataa kufutwa mpaka iliponyang'anywa kwanza mamlaka ya usimamizi kwenye mipangilio. Kisha daftari la kikoba likanakiliwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, Baba Mdogo akitazama kwa uso wa msiba.

Fundi bado alikuwa mlangoni, anadai elfu tano ya kuitwa. Shangazi akatafuta sauti ya Baba Mdogo ya Desemba, akaicheza kwa spika, wajukuu wote wakisikia. Baba Mdogo akatoa pochi. Elfu tano ya fundi ikakatwa humohumo, na deni likaandikwa kuwa limepungua kwa kilichobaki.