Mimba Isiyo na Tumbo

Nesi aliniuliza siku ya kwanza ya hedhi yangu ya mwisho, akazungusha kile kiduara chao cha karatasi, akatangaza: wiki sita. Nikashangaa. Hesabu yao inaanzia kwenye hedhi, kwa hiyo wiki mbili za mwanzo nimeandikiwa ujauzito ambao haukuwapo! Mtoto mwenyewe, tangu yai lirutubishwe, ana wiki nne tu, na urefu wake ni milimita 5 hivi. Milimita 5, na ameshapiga marufuku vitunguu nyumbani kwangu.

Kichefuchefu niliambiwa ni cha asubuhi. Cha kwangu hakijui saa. Dagaa wakikaangwa nyumba ya tatu, mimi natapika huku kwetu. Mume wangu naye, kwa sabuni ileile niliyomnunulia mwenyewe, akipita nabana pumzi. Mama mkwe angesema mimba imemkataa, ila mama mkwe hajaambiwa.

Hajaambiwa kwa sababu mimba changa haitangazwi. Mama yangu alinipigia simu akinong'ona, utadhani tumeiba: "Mwanangu, funga mdomo mpaka ionekane yenyewe." Namwelewa. Mimba nyingi zinazoharibika huharibika katika miezi mitatu ya mwanzo, na nani anataka kupita nyumba kwa nyumba akifuta habari? Lakini siri hii inanigharimu uongo mwingi. Ofisini nilisema nina malaria, wakaniletea dawa. Nikasema vidonda vya tumbo, nikaletewa maji ya kabichi. Nikienda chooni kila mara, mzee mmoja wa uhasibu ananiangalia kwa huruma: "Binti, kapime sukari." Nikisinzia kwenye kikao, bosi anaamini nakesha na tamthilia. Kumbe ni homoni tu, projesteroni, inayonilaza saa nne asubuhi kama kuku aliyefunikwa tenga.

Shangazi, ambaye anajua (shangazi hujua siku zote), ananiletea udongo wa Pemba nitafune. Nesi kaukataa: unaweza kuwa na madini ya risasi na mayai ya minyoo. Badala yake kanipa fefo, madini ya chuma na foliki asidi katika kidonge kimoja. Foliki ni ya kulinda ubongo na uti wa mgongo wa mtoto. Sasa sikiliza maajabu: sehemu hiyo hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe, wakati wanawake wengi hata hatujanunua kipimo. Ndiyo maana wanatutaka tuanze kumeza kabla ya kubeba. Kuhusu chuma na choo kigumu, niacheni kwanza, hii ni safu ya heshima.

Mzaha una mipaka yake lakini. Damu ikitoka, tumbo likiuma vikali, au hata maji yakigoma kukaa tumboni, usingoje shangazi. Hospitali.

Kwa walio wengi, kichefuchefu hupungua kati ya wiki ya 12 na ya 14. Yaani tumbo likija kuchomoza, mimi nitakuwa nakula vizuri na nalala vizuri. Hapo ndipo konda atapaza sauti, "Mpisheni mama kijacho akae!" na kijana aliyejifanya kasinzia ataamka. Asante, lakini mnachelewa. Anayekihitaji kiti ni mimi wa leo, mwenye tumbo bapa, ninayeonekana dada mwenye nguvu za kusimama hadi Gongo la Mboto.

Kwa hiyo, abiria mwenzangu, ukimwona mwanamke kashika bomba kwa mkono mmoja na kipande cha ndimu puani kwa mkono wa pili, usimwulize kitu. Simama. Na dirisha mfungulie.