Dunia Inapata Joto, Sisi Tunatafuta Kamba

Daftari la utafiti lina safu tano: tarehe, saa, kina, joto na maelezo. Nne za kwanza ni mali ya mhadhiri. Ya tano ni yetu wanafunzi, na ndiyo pekee inayosomeka bila kusinzia.

Kabla ya kutumwa Wampembe kupima joto la Ziwa Tanganyika, tulionyeshwa filamu ya wanafunzi wenzetu wa Svalbard, visiwa vya Norwei karibu na ncha ya kaskazini. Kule mwanafunzi hufundishwa kwanza kushika bunduki, ndipo atoke nje ya mji kupima barafu, kwa sababu dubu weupe hawaheshimu utafiti. Tuliwahurumia. Sisi tulikuwa tunakwenda kwenye jua, mchanga na samaki waitwao migebuka. Wenzangu wa Dar es Salaam wakafungasha kaptura na ndala.

Ila safari yetu ilipitia Sumbawanga, na Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, tena ilikuwa Juni. Mimi niliyezaliwa hapo nilikuwa nimewaonya. Nilijibiwa kwamba hii ni Tanzania, si Ulaya. Usiku ule kaptura zilivaliwa tatu tatu. Kulipokucha wakakimbilia mitumbani, wakarudi na majaketi ya watu wanaoteleza kwenye theluji. Majaketi hayo tukateremka nayo ukingo wa Bonde la Ufa, karibu mita 1,000 kwenda chini, hadi kwenye joto la Wampembe. Safu ya maelezo: "Mtafiti mmoja anatiririka jasho. Amekataa kuvua jaketi. Anasema amelilipia."

Vifaa vyetu vilikuwa kipimajoto, kamba ya mita 100 yenye alama, na sahani ya Secchi, yaani bamba la duara lenye robo nyeupe na nyeusi, linaloshushwa majini mpaka lisionekane, ili kujua maji ni maangavu kiasi gani. Siku moja sahani ilitoweka. Tuliikuta jikoni kwa mama mwenye nyumba, imefunika sufuria.

"Mama, hicho ni kifaa cha utafiti."

"Najua, mwanangu. Nami natafiti kama wali umeiva."

Kamba nayo tuliikuta imemfunga mbuzi. Mwenye mbuzi hakuona haya hata kidogo. "Kamba nzuri sana hii," alisema. "Inaniambia mbuzi amefika mita ya ngapi."

Mtumbwi ulikuwa na hesabu zake. Usiku wa giza, mitumbwi yote iko kazini, taa zinawaka na dagaa wanafuata mwanga. Ukiomba kukodi usiku huo, nahodha anakutajia bei ya kununua. Mwezi ukiwa mkubwa, dagaa hawaoni sababu ya kuhangaikia taa, wavuvi wanalala, na bei inashuka mpaka ya mwanafunzi. Ndiyo maana vipimo vyetu vyote vya usiku ni vya mbalamwezi. Mhadhiri alipouliza tumechagua tarehe kwa kigezo gani, tukajibu: cha kiuchumi.

Bunduki hatukupewa. Ulinzi ulikuwa wa mzee mmoja mwenye kasia.

"Mzee, akitokea kiboko itakuwaje?"

"Mimi najua kuogelea," akasema.

Tatizo kubwa lilikuwa upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini husukuma maji ya juu yenye uvuguvugu kwenda kaskazini, na huku kusini maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka chini. Rutuba hulisha mwani, mwani hulisha vijidudu vya majini, navyo huliwa na dagaa. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi, hukataa kuchanganyika na ya chini, na rutuba hubaki kilindini. Kwa hiyo sisi tuliomba upepo, wavuvi wakaomba utulivu. Upepo ukaja, ukakaa, na kijiji kizima kikajua nani kauita.

"Watu wa hali ya hewa," nahodha alituamkia, "haya, uzimeni sasa."

Tulitoka hivyo hivyo. Mwenye jaketi alitapika upande ule ule wa sahani ya Secchi. Safu ya maelezo: "Uangavu wa maji umeshuka ghafla. Sababu inajulikana."

Joto tunalopima linalinganishwa na vipimo vya zamani, na miongoni mwa vya zamani zaidi ni vya daktari Mbelgiji, Louis Stappers, wa mwaka 1912 na 1913. Kwa kutazama nambari za enzi hizo, watafiti walichapisha mwaka 2003 kwamba ziwa linapata joto, na kwamba uzalishaji wa mwani huenda umepungua kwa karibu asilimia 20. Naamini Stappers naye alisumbuliwa na mbuzi wa watu, lakini alilipwa vizuri: migebuka, kwa jina la kisayansi, ni *Lates stappersii*.

Siku ya kuondoka nilimweleza mama mwenye nyumba kwamba mtu akilipima ziwa hili vizuri, samaki hupewa jina lake. Akageuza migebuka kikaangoni, akatutazama, akaitazama kamba yetu ya mita 100, iliyoletwa kupima ziwa lenye kina cha mita 1,470.

"Nyie wanangu," akasema, "mtapewa dagaa. Mmoja, mgawane."