Yah: Ombi la Kuahirisha Uamsho

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Maandalizi ya Mkutano Mkubwa wa Uamsho,
Bangwe, Kigoma.



Husikeni na kichwa cha barua hapo juu. Mimi ni mshiriki wa kawaida, mkaa benchi la nyuma karibu na mlango. Bahasha yangu ya ahadi nimeipokea, na ratiba nimeisoma kwa furaha kubwa. Roho Mtakatifu atashuka Ijumaa saa kumi na nusu jioni, baada ya hotuba ya mgeni rasmi na kabla ya harambee. Jumamosi atashuka tena, ila kwa vijana. Jumapili saa kumi na mbili atakuwa ameshamaliza, kwa sababu vyombo vya muziki vimekodiwa mpaka saa hiyo na mwenye vyombo hana mchezo. Hongereni. Treni inafika Kigoma tangu mwaka 1914, na mpaka leo haijathubutu kutaja saa yake kwa ujasiri huo.

Nina wasiwasi mmoja tu. Katika vikao vyenu vyote, vya soda na visivyo na soda, yupo mjumbe aliyeuliza itakuwaje maombi haya yakijibiwa?

Nauliza kwa sababu jambo hili limewahi kuja pande zetu, na halikuja na jenereta. Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikaa na Biblia zao, wakasoma na kuomba. Hapakuwa na jukwaa wala fulana zenye picha ya mhubiri. Church akarudi Gahini, Rwanda, kwenye hospitali yake, na huko, katika miaka ya 1930, mambo yakaanza kuwaka kati ya wauguzi na walimu. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliyekuwa akifundisha Gahini, alifariki Januari 1936 akiwa na maswali aliyotaka kuyaweka mbele ya sinodi ya Uganda: kanisa limepoa kwa nini, na kwa nini meza ya Bwana inakaribiwa na watu ambao kila mtu anajua wanavyoishi. Fikirini mtu wa namna hiyo akiinua mkono kwenye kikao chenu, kwenye kipengele cha mengineyo.

Uamsho ule ukaingia Bukoba. Ukapita pia Burundi, ambako wamisionari walikuwa wamefungua kituo cha Matana mwaka 1935, ukaja mpaka Buha. Kwa hiyo msidhani nazungumzia habari za mbali. Kasulu si mbali.

Na walokole wale walifanya nini? Hapa ndipo ninapowaombea nyinyi. Walirudisha vitu. Mali zilizoibwa zilirudi kwa wenyewe, waliogombana wakatafutana, na wapo wamisionari Wazungu waliosimama mbele za watu wakawaomba radhi Waafrika waliokuwa wakiwadharau. Hawakuwa malaika, walijua sana kukera, na asiyekiri dhambi zake hadharani kama wao walimhesabu kuwa amelala. Lakini vitu vilirudi. Wakubwa wenyewe hawakuupenda ugeni huo: mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, wanafunzi 26, William Nagenda akiwa mbele yao, walifukuzwa kwa sababu waliendelea kukutana alfajiri kuomba na kuhubiri baada ya kukatazwa. Yaani kanisa lilipoamka, uongozi wa kanisa uliliambia lirudi kulala, walimu wanasumbuliwa.

Sasa tuje Bangwe. Tuseme Ijumaa hiyo, saa kumi na nusu, ratiba ikafuatwa kweli. Mzee wetu mwenye mitumbwi atalazimika kuwaita vibarua wake wote, hata wale waliokwisha kuhamia Kibirizi, wakae chini wapige upya hesabu ya mgawo: mafuta yalikatwa mara ngapi, na taa iliyosemekana imezama ziwani iko nyumba gani. Dada zetu wa dagaa watakiri kwamba debe lao lina kitako kilichobonyea kwa ndani, na kwamba mchanga ule haukuingia kwenye dagaa kwa bahati mbaya. Fedha za bati, zile tulizochanga tukaambiwa bei imepanda, zitaanza kusema zilikokwenda. Kwaya itasimama katikati ya wimbo ili watu wawili wa sauti ya kwanza, ambao hawajasalimiana tangu sare za Pasaka, wapatane. Hayo yote yatakula muda. Mgeni rasmi atakuwa amekaa pale na miwani yake, anangoja harambee. Mtamwambia nini?

Labda ndiyo maana orodha ya maombi ya mkesha imeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Nimeipitia. Tunaombea baa zifungwe. Tunaombea wachawi waanguke. Tunaombea vijana wa bodaboda, na wabunge, na mataifa. Maspika mawili makubwa yameagizwa yaelekezwe upande wa Ujiji, ili ndugu zetu Waislamu wapate upako hata wakiwa vitandani. Sisi wenyewe hatumo kwenye orodha, nadhani ukurasa ulikwisha. Nilimweleza habari hii jirani yangu wa Ujiji, mwenye duka, mtu ambaye mikeka yake imekaliwa katika kila msiba wa kanisa letu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa adabu zote, "Mkishaamka, lile deni la sukari na mchele wa semina mtakuja kulilipa?" Nikakosa aya.

Msinielewe vibaya. Kiu ipo, na ni ya kweli, wala sina ubavu wa kuicheka. Mwaka 2011 watu walisafiri kutoka kila upande kwenda Samunge, Loliondo, kwa ajili ya kikombe cha dawa cha shilingi 500, wengine wametolewa hospitalini. Tarehe 1 Februari 2020, Moshi, katika uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Watu 20 walioondoka nyumbani kwenda kusali. Watu hao walikuwa wanamtafuta Mungu, na sisi tuliojua kupanga tuliwapangia mlango mwembamba wa kutokea. Mtu anayeandaa mkutano wa aina hii halafu akajadili rangi ya vitambaa vya jukwaa kabla ya milango, sijui niseme nini.

Na kiu hiyo iko hata hapa kwetu, bila bahasha. Mnakifahamu kile chumba kidogo nyuma ya kanisa. Kuna kina mama wanaokutana humo saa kumi na moja alfajiri, kabla mitumbwi haijatia nanga Katonga na kabla ya kukimbilia kuanika. Hawazidi benchi moja. Wanaomba kwa majina: mtoto wa fulani aliyevuka kwenda Kongo na hajaandika, mume wa fulani, wao kwa wao. Nimewahi kupita nikasikia mmoja akimwomba mwenzake msamaha kwa habari ya debe, yule mwenzake akicheka na kulia kwa pamoja. Wiki iliyopita Kamati imewataka warudishe ufunguo, kwa kuwa chumba kinahitajika kuhifadhia viti vya kukodi vya Mkutano wa Uamsho. Sentensi hii nimeiandika mara kadhaa nikidhani nimekosea, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo natoa pendekezo. Tarehe 15 Mei 2024 Serikali ilitufungia Ziwa Tanganyika mpaka tarehe 15 Agosti, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wazaliane. Tulinung'unika sote, wajumbe mkiwemo. Lakini hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: ziwa limevuliwa usiku na usiku, kwa taa na kwa nyavu zenye matundu ya kuokota hata watoto, nalo limechoka. Nasi tufunge. Miezi mitatu pasiwe na mkutano, harambee, mgeni rasmi, bahasha wala spika. Katika muda huo atakayekutwa akichangisha atozwe faini, na kifaa chake, yaani kipaza sauti, kitaifishwe. Doria wafanye kina mama wa alfajiri. Kazi iwe moja tu, kila mmoja arudishe cha mwenzake, akianzia na kile kidogo kinachojulikana. Deni la dukani Ujiji lipewe kipaumbele, maana riba yake ni aibu yetu.

Miezi mitatu ikiisha, tukutane. Ikionekana bado tunautaka uamsho baada ya kuuona ulivyo, maturubai yatapatikana. Ikionekana hatuutaki, angalau tubadilishe jina la tukio liwe Tamasha, watu waje na watoto wao, wale mihogo, waimbe, warudi nyumbani, na hakuna atakayekuwa amedanganywa.

Kuhusu ahadi yangu: bahasha nimeirudisha kwa mhazini ikiwa tupu. Fedha niliyokuwa nimeiweka humo nimempelekea kijana mmoja niliyemkata ujira wakati wa mbalamwezi. Stakabadhi sikuomba.

Wenu katika kusubiri,
Mshiriki wa benchi la nyuma.

Nakala:
Mwenyekiti wa Mtaa (kuhusu maspika);
Kina mama wa alfajiri (wasirudishe ufunguo);
Mwenye maturubai (asipewe nakala hii kabla hajalipwa salio lake la mwaka jana).