Sifa za Nzi wa Januari

Watu wamesifu simba, wamesifu farasi, na wengine wamewasifu wabunge wao. Mimi, mkazi wa Perth, Australia Magharibi, naomba nafasi nimsifu nzi. Simsemi nzi wa jikoni, yule tunayemfukuza kwa ncha ya kanga naye akarudi kwenye sahani ya maembe. Huyo ana njaa tu. Namsema nzi wa porini wa Australia, mdogo, wa kijivu, ambaye sahani yako haimshughulishi. Anachokitaka ni wewe mwenyewe: machozi yako, mate yako, jasho lako na kamasi zako. Nzi jike anahitaji protini ili mayai yake yakomae, na protini hiyo anaichota usoni kwako bila bili.

Sifa yake kuu ni kushika lengo. Januari huku ni katikati ya kiangazi. Sydney wanarusha fataki zao, saa tatu baadaye zamu inafika kwetu Perth, na wakati huo ndugu zetu wa Dar es Salaam wako saa 1 jioni, hata chakula cha kuaga mwaka hakijapakuliwa. Kukicha tu, nchi nzima imeshajiwekea malengo: kupunguza mwili, kuacha bia, kusoma vitabu, kuweka akiba. Karibu na Kings Park kuna ngazi ziitwazo Jacob's Ladder, vidato 242. Nenda pale wiki ya kwanza ya Januari, utapanda kwa foleni nyuma ya viatu vipya. Nenda mwisho wa mwezi, utachagua kidato cha kukanyaga.

Nzi hakuandika lengo lake kwenye daftari wala hakumtangazia mtu. Lengo lake ni moja tu, nalo ni pembe ya jicho lako la kushoto. Mfukuze, atazunguka sikio na kurudi palepale. Mfukuze tena, atatua mgongoni kwako pamoja na wenzake, umbebe hadi kituo cha basi, kisha atarudi kazini akiwa ameshapumzika. Vaa miwani, atapita kwa chini. Akinaswa kati ya kioo na kope, hata humo ataendelea na shughuli. Joto likifika nyuzi 40, halalamiki. Alasiri ukija ule upepo wa baharini ambao wenyeji wanauita Daktari wa Fremantle, watu wote wanashukuru, naye anatafuta upande usiopigwa na upepo: ukiupa upepo mgongo, upande huo ni uso wako. Haumi, analamba tu. Hasemi ataanza Jumatatu. Hajawahi kununua saa ya kuhesabu hatua. Jua likizama anaondoka bila kudai malipo ya ziada, na asubuhi ukifungua mlango yupo, amewahi kuliko wewe. Katika binadamu wote waliokuwa kwenye zile ngazi, nani alilipenda lengo lake namna hiyo?

Sifa nyingine nazitaja kwa haraka. Ni mpenda usawa: hutua usoni mwa waziri na usoni mwa mchimba madini bila kuuliza cheo. Ni mwalimu wa hotuba fupi, kwa kuwa anayehutubia uwanjani Januari husema midomo ikiwa imebanwa na humaliza mapema. Ni kocha, maana ule mkono unaopunga mbele ya uso kutwa nzima, ambao Waaustralia wenyewe kwa utani wanauita saluti yao, ndio mazoezi pekee ambayo wengi wetu tunayafikisha Februari. Ni mwenyeji wa siku nyingi: baharia Mwingereza William Dampier alifika pwani ya kaskazini-magharibi mwaka 1688, na alipoandika safari yake hakumsahau nzi. Ni mpole, ni msikivu, ni mwenye subira, ni... toka! Toka puani, mshenzi wee! Mtu amekaa barazani anakuandikia sifa, kalamu mkono huu, gazeti la kukuchapa mkono ule, hata kusubiri aya iishe huwezi? Mwenzako nimemmeza leo asubuhi nikikimbia kando ya mto Swan, na daktari alinishauri nipunguze nyama!

Mniwie radhi. Tuendelee na sifa.

Kwa haki kabisa, wingi wake si kosa lake. Nzi huyu anazaa kwenye mavi ya ng'ombe, na ng'ombe si wa huku. Walishushwa na meli za Waingereza mwaka 1788. Mbawakawa wa Australia walikuwa wamezoea kuzika kinyesi cha kangaruu, ambacho ni kidogo na kikavu. Kwa mavi ya ng'ombe, mapana na majimaji, walinyoosha mikono. Ng'ombe mmoja anaangusha mara 10 au zaidi kwa siku. Zidisha kwa mamilioni ya ng'ombe, na nzi akawa na wodi ya wazazi kutoka bahari hadi bahari. Waliomleta ng'ombe walikumbuka kamba, ndoo na soko la nyama. Wa kusafisha nyuma yake hawakumkumbuka.

Aliyeliona hilo alikuwa mhamiaji. George Bornemissza, mtaalamu wa wadudu mzaliwa wa Hungaria, alifika Australia Magharibi baada ya Vita Kuu ya Pili, akayatazama mavi yaliyokauka malishoni, akashauri waletwe mbawakawa wanaoijua kazi hiyo. Shirika la utafiti la taifa, CSIRO, likaanzisha mradi miaka ya 1960, mwaka 1968 mbawakawa wa kwanza wakaachiwa malishoni, na baadaye likaweka kituo Pretoria. Aina nyingi za mradi huo zilitoka Afrika. Na mapokezi yao yalikuwa ya heshima! Mayai yao yalisafishwa kwa dawa yasibebe magonjwa, kisha yakatiwa ndani ya vibonge vya mavi vilivyofinyangwa kwa mikono. Walipokomaa wakaenda kazini moja kwa moja. Pale walipostawi, mavi yanazikwa upesi na nzi anakosa pa kutagia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mbawakawa wa Afrika alipewa jembe siku ya kwanza. Lakini yuko dada mmoja jirani yangu, muuguzi kutoka Mbeya, aliyeshika zamu za usiku wodini miaka mingi kabla ya kuja huku. Jembe lake bado liko kwenye ofisi ya kusajili wauguzi. Vyeti vyake vihakikiwe kwanza. Halafu afanye mtihani wa Kiingereza, lugha aliyosomea huo uuguzi. Matokeo yake yanadumu miaka 2, na majibu ya ofisi yanatembea taratibu kuliko miaka hiyo. Kwa sasa anasukuma mkokoteni wa ndoo na mafagio kwenye korido ya hospitali, akipita vyumba ambavyo angeweza kuingia na dawa. Desemba aliandika kuuliza. Alijibiwa na mashine kwamba ofisi imefungwa kwa sikukuu. Wiki ya pili ya Januari akapiga simu, akaambiwa wenye mafaili wako likizo, ajaribu baada ya Sikukuu ya Australia, tarehe 26. Ada yake, hata hivyo, ilipokelewa dakika ileile. Kitengo cha kupokea pesa hakina kiangazi.

Sisemi milango ifunguliwe ovyo. Mgonjwa ana haki ya kuhudumiwa na mtu anayeijua kazi, na hata mbawakawa walichunguzwa. Tofauti ni kwamba wao walichunguzwa ili waanze kazi, na kila aliyewachunguza alikuwa na haraka ya kuwaona malishoni.

Basi, wakubwa wa ofisi hizo, mkirudi kutoka ufukweni mkiwa mmebabuka mabega, msituandikie malengo mapya ya mwaka. Chagueni faili moja, liandameni kama nzi anavyoliandama jicho, msilitue mpaka mwenyewe amejibiwa. Likiisha, chukueni la pili. Na kama hilo ni zito kwenu, mpeni nzi kiti: Januari yote yupo, na anafika mapema.