Ramani ya Mfalme wa Kaa

Hapo kale, kusini ya Mlingotini, palikuwa na ufalme wa kaa uliostawi kando ya bandari, na mfalme wake aliweka ada moja: kila kaa aliyepevuka apewe shimo lake, na kulizunguka shimo, kiwanja cha kukimbilia ubavuubavu asimguse jirani. Mashimo ya karibu na kisima yalipokwisha, mfalme aliwatuma wapima kaskazini wakachomeke mawe ya mpaka. Bunju ikapimwa, Mapinga ikapimwa, Kerege ikapimwa, na kila palipopimwa palichezwa ngoma.

Ramani hazikukosekana. Ilikuwako ya 1949, ya 1968 na ya 1979, kwa hesabu ya kaa wenyewe, zimekunjwa vizuri juu ya kiti cha enzi, na mfalme akizikalia asipate baridi.

Basi kaa waliofika hadi mikoko ya Mlingotini, ambao riziki yao ilibaki kule kule bandarini, waliondoka kabla ya jogoo na kurudi watoto wamelala, hata mmoja wao alipougua akashinda nyumbani, mwanawe alimwamkia, “Shikamoo mgeni, baba hayupo.” Maji nayo yalitoka kisimani kwa kifuu, yakipokezanwa njia nzima: Bunju wakanywa, Kerege wakalamba, Mlingotini wakapokea kifuu.

Mchwa mzee akaenda barazani. “Mtukufu, sisi tu maelfu kwa maelfu, na malkia wetu akikohoa sote twasikia. Jazeni kwanza mapengo yaliyo katikati ya mji, kisha mpande juu.” Waziri akacheka hata gamba likalia. “Kaa akae ghorofani? Na kiwanja chake akitandaze wapi?” Kiwanja chenyewe, tusifichane, hakikuwahi kuota hata mchicha, kilijengewa ukuta, kikamea mbigili, kikingoja bei ipande.

Siku ya bamvua, maji yalipotoka, akina mama wa mwani wakalikuta jiwe la mpaka limesimama katikati ya kamba zao. Wakamwuliza mpima, “Mwanangu, bahari ikijaa hapa je?” Akasema, “Ndiyo maana ni ghali, mama. Hiki ni cha ufukweni.” Kisha akarudi mbio kwa mfalme kumpasha kwamba karatasi ya ramani imekwisha. Mfalme, bila kuinuka kitini, akaamuru iungwe nyingine.

“Upande gani, Mtukufu?”

“Kwani kaskazini kumejaa?”