Kata ya Huruma
Kisiwani Pemba, ambako mvua za masika huinyeshea Wete na Chake Chake kuanzia Machi hadi Mei bila kuombwa, wapo wapenzi wa maua ambao, makuti yangali yakichuruzika, huumiminia kata nyingine ya maji mwasumini uliopandwa katika kopo la rangi lisilotobolewa kitako. Mizizi, ambayo nayo huvuta hewa iliyomo baina ya chembe za udongo, hukosa pumzi ikaoza, yaani ikawa myeusi, laini na yenye kuvunda. Majani yakinyauka na kugeuka manjano, mwenyewe husadiki kuwa ni kiu, akaongeza kata. Tiba ni kulitoboa kopo, kuikata mizizi iliyooza, kuupanda mwasumini upya katika udongo uliochanganywa na mchanga usio wa pwani, na kidole kutangulia kuingia udongoni kabla ya kata.